Kovu Yangu na Kovu ya Ngoie

Kapinga, mujukuu wangu,

Jambo sana kutoka Lubumbashi. Dada yako alizaa mutoto mwanamuke. Iko na macho ya baba yenu.

Unaniuliza kama vaksini inaweza kukomesha hii mambo ya kufungia bantu ndani ya nyumba juu ya ugonjwa. Wakati Katanga ilijitenga, nikiwa mutoto, ndui iliingia kambi yetu ya wafanyakazi, na mulango wa kambi ukafungwa. Rafiki yangu Ngoie aliishi inje, ng'ambo ya waya. Kila asubuhi tulisimama mbalimbali, maua ya jakaranda yakianguka katikati yetu, tukiongea kwa mikono tu, kama bantu wa ndani ya ndoto.

Siku muganga alinikwaruza vaksini mukononi, nilikimbilia waya. "Ngoie, kuya! Niko na vaksini!"

Mama akanikamata nguo. "Haiyashika bado. Ngojea kigaga kianguke."

Nilimununia siku zote zile.

Kigaga kikaanguka, na mulango ukafunguliwa. Vaksini ndiyo iliufungua, Kapinga. Lakini ule mulango uliofungwa ndio ulinichungia Ngoie mpaka siku ile. Naye walikuwa wamemukwaruza. Alikuja mbio, akaweka kovu yake juu ya yangu. Ilikuwa ingali na joto.

Nkambo wako