Siku Niliyompiga Shabani kwa Mchi

Jumamosi. Mvua tangu alfajiri, na kutoka hapa Kihonda milima ya Uluguru haionekani kabisa. Mdomo wangu umevimba upande wa kushoto.

Leo nimempiga mtu.

Hata Zuhura, mwanangu, sijawahi kumchapa. Baba yake alikuwa akinicheka kwamba nawaomba radhi kuku kabla ya kuwafukuza jikoni. Lakini leo nilishika mchi kwa mikono miwili, nikampiga nao Shabani kwenye mkono, na niliposikia mfupa ukilia nilitamani kuongeza.

Arobaini ya mume wangu ilikuwa Jumatano. Siku aliyouawa alikwenda Mkuyuni kumtengenezea mtu kompyuta, akiwa na pikipiki ya kuazima. Mtu mmoja sokoni akapiga kelele kwamba ile ni pikipiki yake iliyoibiwa. Ikatosha. Watu walimpiga kwa mawe na matofali. Hospitali nilimtambua kwa soksi, kwa sababu moja niliishona mwenyewe kwa uzi mwekundu. Mwenye pikipiki, aliyemwazima, alifika baadaye, karatasi zake mkononi.

Kwetu Waluguru, vitu vya mwanamume hurudi kwa ukoo wa mama yake, na mrithi ni mtoto wa dada yake. Sikubisha. Kompyuta ikawa ya Shabani, mtoto wa wifi yangu. Niliomba tu nitoe kwanza sauti za mume wangu zilizomo, hadithi alizokuwa akimrekodia Zuhura. Simu yake ilipondwa pale sokoni siku ile ile, kwa hiyo hazipo kwingine.

Leo Shabani na mama yake walikuja kuichukua nikiwa uani natwanga. Nilipoingia ndani, Shabani alikuwa ameshachomeka flashi yake.

"Anti, hii ngoma inakataa," akasema. "Napiga Window upya, inaniambia diski haifai. Nafuta yote, iwe nyeupe."

Nilimwambia asubiri. Akacheka. "Mjomba mwenyewe hayupo, hayo madudu yake ya nini?" Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe.

Nikarudi uani kuchukua mchi.

Wifi alinizaba kofi, na la pili, nikaangukia ndoo. Alipotaka kunishika nywele nilimng'ata kiganja. "Umenivunjia mwanangu, mchawi wewe!" Nilikuwa nimeikumbatia ile mashine, damu ya mdomo ikidondokea vitufe, na nikasikia sauti yangu ikisema nitaua mtu humu ndani. Zuhura alikuwa mlangoni, anaona yote.

Kosa la Shabani nililijua. Mume wangu alifunga mifumo miwili humo: Windows kwa kazi za wateja, Linux kwa mambo yake, na hadithi zikiwa huko. Yote miwili aliifunga kwa njia mpya ya kuwasha, UEFI, na alinionyesha mara nyingi nikiwa nachambua mchele pembeni yake. Flashi ya Shabani ni ya kizamani, ndiyo maana alibadili mashine iwake kwa njia ya zamani, Legacy. Kwa njia hiyo diski haikubaliki, na anayeharakisha huifuta yote.

Niliizima, nikaiwasha huku nabonyeza F2 ili nifungue mipangilio yake. Nikarudisha UEFI, nikahifadhi kwa F10. Ikaingia Windows moja kwa moja, bila kuniuliza nataka mfumo upi.

"Umesomea wapi, anti? Jikoni?" Shabani alisema, ameukumbatia mkono wake.

"Kwa mjomba wako. Na wewe alikufundisha, ukashindwa."

Nikarudi tena F2. Kwenye orodha ya kuwasha Linux ilikuwa imeshushwa chini. Nikaipandisha juu, nikahifadhi. Safari hii ikaja ile orodha nyeusi yenye majina ya mifumo yote miwili, nikachagua Linux.

Nilifungua hadithi ya kwanza. Mume wangu akakohoa, kama anavyokohoa. "Zuhura, umekaa? Mama yako naye akae."

Wifi aliketi sakafuni na kiganja chake kinachovuja damu. Kisha akainuka, akampiga mwanawe kofi la shingoni, kubwa kuliko yangu yote mawili. "Ungemfuta kaka yangu!" Akanigeukia. "Nakili zako, wifi. Nasi tubakizie tumsikie." Akatoka naye kwenda kumfunga mkono.

Nilibaki peke yangu na mashine kwa muda wa kuchemsha chai. Nikanakili hadithi zote kwenye flashi yangu. Kisha nikazifuta mle ndani, moja moja, kwa kidole kile kile kilichoshika mchi.

Nilitaka waumie. Nimeliandika hapa kwa sababu sina pa kulisema.

Waliporudi, wakaondoka na kompyuta. Wifi alinishika bega na kuniomba radhi.

Jioni ameleta ujumbe. Wamefika kwa mama yao, Matombo. Bibi hakuweza kuja mazikoni kwa sababu ya miguu, na sasa amekaa kitako mbele ya kompyuta, anataka kumsikia mwanawe. "Wifi, mbona hatuzioni? Tubonyeze wapi?"

Flashi ninayo mkononi. Bado sijamjibu.