Kifusi Juu ya Nyumba ya Shangazi

Jumapili, 30 Machi 2003
Nimeteka maji. Nimefua. Maharage yako jikoni. Sasa niandike jambo ambalo sijamwambia mtu: huwa napanda kifusi cha machimbo. Tumekatazwa. Walipochimba mawe ya barabara ya lami, udongo na mawe mabovu walivimwaga huku kwetu, mpaka mlima Oldeani ukapotea. Nikiwa juu ya kifusi nauona tena. Leo nimeona ufa. Mkono uliingia mpaka begani. Chini yake ni nyumba ya Shangazi Paskalina, dada yake baba.

Jumanne, 1 Aprili
Nilijikaza nikamwambia msimamizi wa machimbo. Akawageukia madereva: "Sikukuu ya wajinga, jamani! Binti kaja kutupima akili." Walicheka mpaka nikaondoka. Kwa nini nilichagua leo?
Nikaenda kumwambia Shangazi ahame. Yeye hakucheka. Alionyesha kaburi lenye msalaba, akasema, "Mume wangu amelala hapa uani. Nimwache na nani?"

Ijumaa, 4 Aprili
Mvua. Baba kamwomba dada yake ahamie kwetu. Kakataa. Jana kwenye mkutano wa kijiji nilikaa nyuma kabisa. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno. Nikatazama viatu vyangu. Najichukia.

Jumapili, 6 Aprili
Mvua haikukatika tangu juzi. Asubuhi maji mekundu yalikuwa yanatoka chini ya kifusi. Nilienda kwa Shangazi. Sikupiga hodi, sikuamkia. Nilimfungua ndama wake nikamvuta kwa kamba. Shangazi akanifuata pekupeku kwenye matope, anapiga kelele: "Mwizi! Mtoto wa kaka yangu, mwizi!" Watu walitoka kutazama. Sikusimama.
Tulikuwa tumefika mlangoni kwetu kifusi kiliposhuka. Sauti yake kama mahindi yanayomwagwa kutoka kwenye gunia. Halafu kimya. Nyumba ya Shangazi haipo.

Jumatatu, 7 Aprili
Shangazi hajagusa chakula. Ndama analia.

Jumamosi, 12 Aprili
Jua limetoka. Shangazi alinishika mkono tukaenda. Kote ni udongo mwekundu na mawe. Hakuna mti, hakuna uzio, msalaba umezikwa. Tulizunguka sana. Akasimama mahali.
"Ni hapa alipolala?"
Nilitazama huku na huku. Sikujua. Sijui hata sasa.
"Ndiyo, Shangazi. Ni hapa."
Akapiga magoti, akaanza kupanga mawe. Nikamsaidia.
Kama kuna atakayesoma hapa, tafadhali, asimwambie.