Kopo Moja la Baruti Mezani kwa Baba

Mpendwa Bi Thelma, naomba msaada wako, na nakuomba usinicheke, maana nina miaka hamsini na minne na bado namwogopa baba yangu, si kwa kuwa ni mkali bali kwa kuwa sijawahi kumwona akikosea, na sasa nimemwona.

Tangu nikiwa na miaka kumi, kila vuli kabla ya msimu wa kulungu, mimi na baba tumekuwa tukishuka kwenye chumba cha chini ya nyumba kujaza upya maganda ya risasi, yeye upande wa mashine, mimi upande wa mizani, redio ikitangaza mpira, na juu ya vichwa vyetu tukisikia nyayo za marehemu mama akipika mkate wa viazi, harufu yake ikishuka ngazi na kuchanganyika na mafuta ya bunduki, na hadi leo nikisikia harufu ile ya mafuta hata dukani kwa watu nasimama. Baba alikuwa na sheria zake. Kopo moja tu la baruti mezani, mengine kabatini. Ukisimama kwenda kunywa maji, unasoma tena maandishi ya kopo kwa sauti. Maganda yakishajazwa baruti tunamulika kila moja kwa tochi, tuone kama kimo ni kimoja, ndipo tuweke vichwa vya risasi. Nilikuwa nikichoka namwambia, "Baba, si tumeshaangalia?" naye ananijibu, "Tumeangalia, mama, sasa tunaangalia tena."

Bi Thelma, mama alifariki miaka miwili iliyopita, na baba ana sabini na tisa. Jumapili ya wiki juzi nilishuka nikakuta makopo mawili mezani, yote wazi, la bunduki na la bastola. Nikamimina kidogo kutoka kopo la bunduki kwenye sahani nyeupe, na kati ya vile vijiti vifupi vya kijivu nikaona visahani vyembamba kama pilipili manga iliyopondwa, ambavyo ni baruti ya bastola, inayowaka haraka mno, na ikiwa nyingi ndani ya bunduki ya kulungu inaweza kuipasua usoni mwa mpigaji. Alikuwa amerudisha mabaki kwenye kopo lisilo lake. Nikamuuliza, "Baba, hapa ulirudisha nini?" Akasema bila kugeuka, "Nimejaza risasi kabla hujazaliwa, mwanangu."

Kumbe wiki hiyohiyo alikuwa amemjazia mtoto wa kaka yangu, Britta, risasi arobaini, zawadi ya kwenda kuwinda kulungu wake wa kwanza, na kwenye boksi ameandika jina lake kwa mwandiko wake ule wa zamani wa kulala. Britta ni mwalimu, ana miaka ishirini na minne, na kwake babu ndiye kila kitu. Nilishindwa kumwambia baba, nikashindwa kumwambia Britta, nikafanya nini? Nikaenda shuleni kwake saa za masomo, nikafungua gari lake alimoliacha boksi, nikaliiba. Nyumbani nikang'oa vichwa vya risasi kumi. Saba zilikuwa safi. Tatu zilikuwa na vile visahani.

Nilidhani nimemaliza. Lakini Britta alilia siku mbili akiamini amepoteza zawadi, akanipigia, "Shangazi, nitamwambia nini babu?" nami nikamwambia, Mungu anisamehe, "Mwambie tu limepotea." Akamwambia. Na baba, kwa furaha ya kuwa na kazi tena, akashuka chini akamjazia nyingine ishirini kutoka kopo lilelile! Jana alinipigia akiimba. Msimu unafunguliwa Jumamosi. Nikimwambia ukweli hatashuka tena kwenye kile chumba, na kile chumba ndicho kilichobaki. Nifanye nini?

Binti wa Upande wa Mizani

*

Binti wa Mizani,

Barua yako ilinifikia Jumanne, na gazeti hili hutoka Alhamisi. Wewe ulikuwa tayari kungoja Alhamisi? Mimi sikuwa tayari. Ulikuwa umeacha namba ya simu nyuma ya bahasha, nikakupigia papo hapo, na wasomaji wajue tuliongea nini, maana wako wengi kama wewe.

Nilikuuliza, "Hizo ishirini ziko wapi sasa hivi?"

"Kwa Britta."

"Anajua?"

Ukaanza kulia. Nilikwambia utalia baadaye, kata simu, mpigie yeye kwanza. Nashukuru ulinitii. Nashukuru zaidi kwamba Britta, badala ya kukutukana kama ulivyostahili, alisema, "Shangazi, njoo unichukue, twende wote."

Ulinisimulia yaliyofuata, na umeniruhusu niyaandike. Ulimwekea baba yako ile sahani nyeupe mbele yake, chini ya taa, ukampa miwani yake. Aliinama akaangalia muda mrefu. Akachambua kwa ncha ya kidole, vijiti huku, visahani kule. Kisha akauliza, "Ngapi?"

"Tatu kati ya kumi, baba."

"Umejua tangu lini?"

"Jumapili ya wiki juzi."

"Ungeniambia Jumapili hiyo."

"Niliogopa utaacha."

"Ningeacha," akasema. "Na huyu mtoto asingekuwa na risasi ishirini za kumuua."

Hapo, dada yangu, sina la kuongeza, baba yako amekumaliza. Najua ulitaka kumlinda. Najua kile chumba ni mama yako, ni redio, ni miaka yako yote. Mimi pia nina chumba cha namna hiyo, na ningelifunga kopo nikajifanya sijaona. Lakini ulimnyima mzee yule kitu alichokufundisha mwenyewe, yaani kuangalia tena, na ulimwacha msichana ajione mzembe kwa kosa ambalo si lake. Mwombe Britta radhi. Si kwa simu, ana kwa ana, na umrudishie lile boksi likiwa tupu, kwa kuwa jina juu yake ni lake.

Sasa sikiliza. Baruti iliyochanganyika haichambuliwi, hata kama macho yako ni ya mwewe, wala usijidanganye kwamba mizani itaigundua, maana uzito unaweza kulingana kabisa na hatari ikabaki palepale. Kopo hilo lote mwaga nje, tandaza juu ya udongo mbali na nyumba. Zile risasi zote ng'oeni vichwa, hata zinazoonekana safi. Kopo lisilo na maandishi, ganda msilojua limetoka wapi, boksi la vichwa vya uzito mbalimbali, msijadiliane, tupeni. Na kuanzia leo hakuna anayeshuka peke yake. Wewe kaa kwenye mashine, baba akae kwenye mizani, asome kopo kwa sauti nawe usome baada yake. Kama hawezi kusoma, siku hiyo hamjazi. Jumamosi Britta apande milimani na risasi za dukani, na babu yake akae kiti cha mbele garini.

Nilikuwa nimemaliza kuandika hapo, simu ikalia. Sauti ya mzee.

"Wewe ndiye Thelma wa gazetini?"

"Ndimi, mzee wangu."

"Nataka tangazo."

Nikamweleza kwamba kwenye ukurasa huu desturi yetu ni kuficha majina, na kwamba akijulikana yeye, binti yake naye atajulikana.

"Nimeshamuuliza, amekubali. Langu liandike, na usikosee herufi."

Alisema polepole, nami nikaandika kama alivyosema:

*Mimi, Halvor Rustad, wa barabara ya kinu cha zamani, naomba kila niliyempa risasi tangu mwezi wa nne, nilipofungua kopo hili, asipige hata moja. Nilichanganya baruti. Zileteni kwangu tuzivunje. Nipo nyumbani kila siku, na kahawa ipo.*