Siku Mama Yako Aliposhuka Punda

Mjukuu wangu Akiru,

Ejok, hujambo? Unakula vizuri huko? Huku Lodwar tuko salama, mama yako anakusalimia. Unaniuliza farasi wa timu yenu akichechemea katikati ya mashindano, ushuke ama ukazane.

Miaka ya tisini shule ya mama yako ilishindana na ya Kakuma, mbio za punda. Sheria ilikuwa ukishuka, umetoka. Mama yako alikuwa mbele, punda wetu akaanza kuchechemea. Nikapiga kelele, "Usishuke, wewe!" Akashuka. Wakashindwa. Wenzake wakamwambia, "Basi mbebe mgongoni!" Mimi sikumsemesha mpaka nyumbani.

Punda akapona, akatubebea maji tena. Nilikunywa maji hayo macho chini, kwa aibu. Sijawahi kumwambia mama yako alifanya vizuri. Leo nitamwambia, kabla barua hii haijatoka.

Nyanya yako