Fundi, Ukuta Wako Umekauka

Ni mwaka sasa, baba watoto, tangu ulipotutoka, na karibu muda wote huo ngazi yako ilikaa sebuleni, imeegemea ukuta ule ule uliotukataza tusiuonyeshe kwa watu.

Mtaa mzima ulikuita Mzee Brashi. Zahanati, shule, duka la dawa, vyote vilipita mikononi mwako. Hata geti la jirani tuliyekosana naye ulilipaka, ukasema geti halina kosa. Ulipiga mluzi juu ya ngazi, na ukishuka ulirudi nyuma, ukafumba jicho moja, ukasema, "Haya, sasa pamekuwa mahali pa watu." Nyumbani ulirudi na madoa mpaka masikioni. Nilikusugua kwa mafuta ya taa huku ukilalamika kama mtoto.

Kuta zetu sisi zilisubiri. Kila mwaka ulisema mwakani.

Kisha yakaja yale mafua. Yalitulaza nyumba nzima, nawe ukakohoa, ukatoka jasho, ukainuka. Tukadhani umepona. Ukasema madhali unajiuguza nyumbani, sebule sasa ipakwe, rangi ya chai yenye maziwa mengi. Nilipoingia kutazama nikashika kiuno.

"Baba watoto, hii ni pinki!"

"Pinki iko wapi? Ni macho yako hayo."

Kitinda mimba wetu akachungulia mlangoni. "Baba, ni pinki mpaka inaongea."

Ukabeba kopo la nyekundu uliyokuwa ukichanganyia, mbio mpaka kwa muuza rangi, ukamfokea kwamba amekuuzia rangi iliyochakachuliwa, maana unamimina na haikolei. Yule bwana akafungua kopo jipya mbele yako. Anasema ulilitazama, ukamwomba radhi. Uliporudi ulikaa kitandani ukaniambia, "Mama watoto, nyekundu imenipotea." Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu.

Daktari alitueleza polepole. Mara chache sana, alisema, mwili ukishapigana na virusi vya mafua hukosea adui, ukaanza kushambulia neva zake wenyewe. Kwako ulianza na za macho, zikafuata za uso na za miguu. Alisema wengi hupata nafuu, nasi tukaling'ang'ania hilo neno "wengi" kwa mikono miwili. Upande mmoja wa mdomo wako ulipolegea, ulitutania: "Nacheka nusu, nusu nyingine naiweka akiba." Miguu ikafa ganzi, mikono ikafuata, mwisho kifua. Hukuwa miongoni mwa hao wengi, mume wangu.

Lililokuuma zaidi lilikuwa ule ukuta. "Watu wasiingie sebuleni," ulisema. "Wataona kazi mbovu, watasema Mzee Brashi aliishia pale. Na asiitwe fundi mwingine."

"Basi nitapaka mimi."

"Wewe? Kwa mkono huo mzito?"

Lakini ukanifundisha hapo hapo wodini, pumzi ikikukatika: nyeupe kwanza, manjano kidogo, nyekundu kwa ncha ya kijiti tu. Na nisiiamini ikiwa mbichi. Rangi mbichi inadanganya, ulisema, isubiri ikauke.

Siku ya msiba watu walikaa nje chini ya turubai. Wifi yangu akanisema mbele za watu, eti nimefunga sebule ya kaka yake. Nikaitunza siri yako. Tangu hapo wageni wangu wote nimewapokea jikoni, na kila niliposhika brashi niliirudisha.

Wiki hii nimeweza. Nilimweleza wifi kila kitu. Akalia, akajifunga kitambaa kichwani, akaanza kukoroga. Kifungua mimba wetu alishika ngazi. Tulipomaliza ukuta ulikuwa kama matope. Nikaketi sakafuni nikalia, nikasema nimekuaibisha. Kifungua mimba akaniambia, "Mama, si Baba alisema tusubiri?"

Tukasubiri. Asubuhi nilifungua dirisha, jua likaingia, na ukuta ulikuwa chai yenye maziwa mengi. Kuna michirizi karibu na swichi. Usiseme kitu.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo. Watoto wetu, kifungua mimba na kitinda mimba. Mkwe wako, na mjukuu usiyemwona, ambaye ana masikio yako. Dada yako, ambaye sasa anajiita fundi. Ndugu, majirani, na muuza rangi, aliyekataa katakata kupokea senti yetu. Hatukukusahau hata siku moja, na hatutakusahau kamwe.

Leo jioni watu wanakuja kukukumbuka pamoja nasi. Ngazi tumeitoa, mlango uko wazi. Watakaa sebuleni.