Unga wa Kuwapa Samaki Pumzi

Justina,

Uji upo kwenye chupa. Ndama bado hajanyweshwa maji.

Ule unga mweupe kwenye ndoo yenye mfuniko si chokaa wala sembe. Ni peroksidi ya kalsiamu, dawa ya bwawa. Ukiingia majini unatoa oksijeni polepole, samaki wanapata pumzi. Usiushike kwa mikono mitupu. Usiuweke karibu na jiko wala mafuta ya taa, maana unachochea moto. Ndoo isiingie maji!

Leo alfajiri nimekuta perege wote wamepanda juu, midomo wazi, wanatweta. Nilisimama tu. Nikawa kama namwona baba yako siku zile za mwisho wodini, anavuta hewa isiyomfikia. Nikamsikia kabisa: “Mama Justina, fungua dirisha.”

Nikamjibu, “Liko wazi, baba Justina.” Sauti yangu mwenyewe ndiyo iliyonizindua, nikanyunyiza unga. Jua lilipopanda samaki wakaanza kushuka chini, mmoja mmoja, mpaka maji yakatulia. Ningepaswa kufurahi. Lakini baba yako naye alitulia hivyohivyo.

Nimekwenda Bariadi kutafuta unga mwingine. ~~Nitalala kwa shangazi yako.~~ Hapana, nitarudi jioni. Sitaki ulale peke yako karibu na bwawa lile.

Ukienda kuwatazama samaki, nenda na Milembe wa jirani, mpige soga kwa sauti. Mcheke hata bila sababu. Pasikae kimya pale.

Mayu