Ndege Zinapita, Ndege Wanapita

Kambi ya Vibarua,
Mlimani.
22 Machi

Mpendwa Dada Mkubwa,

Leo umetimia mwaka na miezi miwili tangu uliponisindikiza stendi. Hujambo lakini? Goti linaendeleaje? Shemeji bado anakohoa, au ameacha sigara kama alivyoapa? Na binti yangu, ambaye nasikia siku hizi ananiita "yule wa kwenye simu", mwambie yule wa kwenye simu anamsalimu sana. Mtandao huku unashika ukipanda juu ya tanki la maji tu, na upepo unakula nusu ya maneno, ndiyo maana naandika.

Mimi ni mzima, ila mgongo. Nikiinama kufunga viatu asubuhi, nafikiria mara mbili.

Uliniuliza narudi lini, nikakaa kimya. Hakikuwa kiburi, dada. Nilikuwa sijui.

Kampuni inataka kuweka mitambo ya kuvuna umeme kwa upepo mlimani hapa, mirefu ajabu, kila mmoja na mapanga matatu yanayozunguka juu. Lakini kabla ya kuruhusiwa, lazima ijulikane mapanga hayo yatawafanya nini ndege. Mlima ukifaulu, vibarua tunaajiriwa kwenye ujenzi, na mwajiriwa ana likizo. Ukifeli, kila mtu anakunja godoro lake kwenda kutafuta kambi nyingine, mbali zaidi. Sasa ningekujibu nini?

Aliyeletwa kupima ni mama mmoja mwembamba, mcheshi, tunamwita Daktari wa Ndege. Wiki yake ya kwanza mwanamke wa bondeni alimletea kuku anayepumua kwa shida. Daktari akamwambia yeye hatibu, anahesabu tu. Mwanamke akaondoka akinung'unika, "Daktari gani huyu wa kuhesabu wagonjwa!"

Mimi nilimbebea darubini na kiti. Yeye akitazama angani, mimi nazunguka chini ya mlingoti wa kupimia upepo kutafuta kama kuna ndege aliyejigonga kwenye nyaya akafa. Niliokota manyoya mawili matatu, basi. Moyoni nikafurahi. Sikufichi, niliomba Mungu ndege wote wapite kwingine.

Lakini msimu wao ulikuwa bado, na Daktari alilijua hilo. Akamtuma dereva wetu awaulize watu wa bondeni, wanaokaa hapa mwaka mzima. Dereva huyu tunamwita Kipaza, maana hata akinong'ona anasikika jikoni. Tatizo lake ni ulimi. Kwake kila kitu ni "zi": watoto zinalia, ng'ombe zinakula, mabosi zimekuja. Akapita mlango kwa mlango akiuliza, "Ndege zinapita hapa kwenye pengo la mlima?" Watu wote wakamjibu hazipiti. Kambini tukashangilia kama tumefunga bao.

Jumamosi moja nikashuka kunywa chai kwa mama mwenye kibanda. Akanimiminia, akaniuliza, "Huo uwanja mnaanza kuujenga lini?"

"Uwanja gani, mama?"

"Si wa ndege? Yule kijana wenu mwenye makelele aliuliza kama ndege zinapita. Tukamwambia hazipiti, labda usikie moja kwa mbali huko, tena kwa bahati."

Chai ikanipalia. Nikamwuliza, na hawa wenye manyoya je, wanapita?

"Aa, hao! Korongo? Mvua zikikaribia wanajaa pengo lote. Mimi siku hizo sianiki kitu. Watanifulia mashuka?"

Nilipanda mlima polepole siku ile. Nilitaka kunyamaza, dada. Nani angejua? Lakini nilikuwa nimeuona mchoro wa mitambo, imepangwa pengoni humo humo kama meno. Nikawaza kundi zima linakuja limeegemea hewa, na mapanga yanalingoja. Kazi ya namna hiyo ningejivunia kwa nani? Nikamweleza Daktari. Akacheka mpaka akavua miwani, kisha akatulia, akasema kosa ni lake, alipaswa kushuka mwenyewe. Kesho yake akashuka.

Wenzangu wakanisusa. Mpishi akanipakulia ukoko. "Kula, wakili wa korongo," akasema. "Waambie wateja wako wakuletee mchuzi." Kipaza tu ndiye aliyekaa na mimi, akiapa kwa sauti ya kusikika kambi nzima kwamba yeye hajakosea, ni watu ndiyo zimemwelewa vibaya.

Wiki iliyopita wakaja. Jua lilikuwa limeshapasha mawe, hewa inapanda, na korongo wakaanza kuzunguka juu yetu taratibu, mmoja juu ya mwingine, hawapigi bawa. Halafu wakanyooka wakapita pengoni, makundi kwa makundi, mpaka alasiri. Mpishi alitoka na mwiko mkononi akasahau chungu. Hakuna aliyemkumbusha.

Juzi mhandisi mkuu akaleta ramani mpya. Pengo linaachwa wazi. Mitambo imepunguzwa na kuhamishiwa mgongo wa pili wa mlima, ambako Daktari hakuona korongo hata mmoja akikatiza. Msimu ukifika kutakuwa na watu wa kutazama anga, na mapanga yatasimamishwa kundi likikaribia. Kipaza ameshaomba hiyo kazi, anasema yeye hahitaji redio. Kibali cha mitambo yenyewe bado, lakini barabara ya kwenda huko imeruhusiwa, na barabara inataka mikono. Majina ya walioajiriwa yalisomwa mbele ya stoo, langu limo. La mpishi limo pia, na jioni hiyo nilikuta nyama kwenye sahani yangu.

Nisalimie shemeji, shangazi, na mapacha wa jirani yetu fundi saa. Mungu akulindie goti hilo, akupe usingizi mzuri na watu wa kukusaidia mizigo.

Barabara tunaikabidhi mwishoni mwa mwezi wa tano, na likizo inafuata hapo hapo. Nitakuwa nyumbani wiki ya kwanza ya mwezi wa sita. Nimelala na neno hili siku mbili nzima kabla ya kuliandika, nione kama litabadilika. Halikubadilika. Nakuja.

Ni mimi nikupendaye, mdogo wako,
Kitindamimba